Wekeni vibao kwenye steji za Nairobi, mgeni naye ni mwananchi

Mhariri,

Assalaam aleikum. Nawaandikia kutoka Langoni, Lamu, kuhusu jambo ambalo huku twalizungumza sana barazani lakini sijaliona gazetini, nalo ni taabu anayoipata mtu wa mbali akishafika Nairobi. Sisemi safari ya kwenda, hiyo tushaizoea. Nasema akishafika.

Watu wa Lamu hatuendi Nairobi kutembea tu. Wengi waenda hospitali, wengine pasipoti, wengine mtoto kapata nafasi ya chuo, wengine kesi za mashamba. Na wengi wao ni watu wazima ambao maisha yao yote wamekaa mji usiokuwa na magari, ukitaka kwenda mahali ni miguu au punda au boti. Sasa mtu kama huyo avuke na boti mpaka Mokowe, apande basi la alfajiri, Hindi, Witu, Minjila, Malindi mpaka Mombasa, alale kwa jamaa, halafu kesho yake aende Miritini kupanda treni. Treni yenyewe ilianza 2017 kwa shilingi 700, ikaja 1,000, na 2024 ikapanda mpaka 1,500, na hiyo kwa familia zetu ni pesa nyingi, lakini haki isemwe, treni imepangika. Tiketi ina namba ya behewa na namba ya kiti, kuna mhudumu kavaa yunifomu ukimuonyesha tiketi akuelekeza, stesheni zatangazwa. Hata mzee ambaye hajawahi kutoka Amu, yaani mji wetu wa Lamu, atafika.

Akishuka Syokimau, treni inapoishia, ndipo mambo yaharibikapo. Kwanza Syokimau si Nairobi mjini, na wengi hawalijui hilo mpaka washashuka. Inabidi upande tena treni ndogo mpaka ile stesheni ya zamani ya mjini, na hiyo kwa maoni yangu ndiyo njia bora kwa mgeni, ni rahisi na haikwami jam, lakini kabla hajajua iko upande gani ashashikwa begi na watu wa teksi wasemao treni ndogo ishaondoka. Na saa zenyewe ni mbaya. Treni itokayo Mombasa saa tisa alasiri yafika yapata saa mbili usiku, ile ya saa nne usiku yafika kabla ya alfajiri, kwa hivyo mtu yuaingia mji asioujua gizani. Mimi nikiulizwa huwaambia watu wangu kama waweza, panda ya asubuhi, utafika mchana macho yaona.

Haya, kafika mjini. Hapa nataka wahusika wanisikize vizuri manake watu wa Nairobi hudhani wageni twalalamikia kelele za matatu. Kelele si shida. Matatu zina namba na namba zenyewe zina mpango mzuri tu, 111 ni Ngong, 125 ni Rongai, 46 Kawangware, 58 Buruburu, ukishajua namba yako umemaliza nusu ya kazi. Shida ni kwamba namba yakwambia gari linaenda wapi lakini haikwambii wewe ukalipandie wapi. Steji zimetawanyika mji mzima, Railways, Ambassadeur, Kencom, Koja, Odeon, na kila moja ina magari yake, ukikosea steji utasimama mpaka jioni gari lako halipiti hapo kabisa. Na kibao huoni! Mtu huambiwa "nenda Odeon" akaitafuta Odeon kila mahali, kumbe ni jina la sinema ya zamani. Wenyeji wajua kwa sababu walikua wakijua, mgeni atajuaje?

Halafu steji zahamishwa. Mtakumbuka Desemba 2018 matatu zilivyokatazwa kuingia katikati ya mji, wananchi wakatembea kwa miguu kutoka Ngara na Muthurwa, na amri yenyewe haikudumu. Baadaye ikaja habari ya Green Park, kituo kipya cha matatu. Mtu aliyeelekezwa na nduguye kwa simu kwa vile ilivyokuwa zamani yuapotea na hana kosa.

Shangazi yangu alikuwa na apointimenti ya daktari, akapanda matatu moja, akamwambia kondakta vizuri kabisa kwamba yuataka kushuka hospitali. Akaambiwa ndiyo mama, kaa. Nauli akaitishwa gari lishaondoka, na ilikuwa zaidi ya ile aliyoisikia ikiitwa pale chini kwa sababu mvua ilikuwa imeanza, akalipa. Kufika raundabauti jam imeshika, "mama shukia hapa, ni karibu." Akashushwa katikati ya magari na buibui lake na bahasha ya eksirei mkononi, na maumivu ya mguu ndiyo yalokuwa yakimpeleka hospitali. Alifika, lakini zamu yake ilikuwa ishapita. Miadi nyingine ilikuwa ya mwezi mwingine, na kila miadi kwetu sisi ni boti, basi, treni na mtu wa kukulaza.

Kuna watakaosema si aulize tu. Huuliza, na watu wa Nairobi wengi ni wema, hukushika mkono wakakuvusha barabara. Lakini ukisimama na begi ukiuliza kila mtu ushajitangaza kwamba u mgeni, na hata mwizi naye asikia.

La kuniuma zaidi ni kwamba kazi ngumu ilishafanywa. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vya Marekani, MIT na Columbia, walitoa ramani ya njia za matatu, wanafunzi walipanda magari na simu mkononi wakirekodi njia na vituo, kila njia kuu ikapewa rangi yake. Mbona haijachapishwa kubwa ikabandikwa Syokimau, Railways na Kencom? Irekebishwe palipobadilika, iandikwe Kiswahili, na kila steji iwekwe kibao chenye namba kubwa hata asiyesoma sana aione, gari laenda wapi na lapitia wapi. Na nauli mtu aambiwe kabla hajaweka mguu garini, isibadilike njiani.

Na nyinyi gazeti nina ombi kwenu. Tutolee ukurasa mmoja mzima wenye steji na namba zake, hata ikiwa mara moja kwa mwaka. Huku gazeti moja husomwa na baraza nzima, na ukurasa kama huo utakatwa uwekwe pamoja na kadi ya kliniki.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu