Mayai yaliyogoma kuanguliwa yapasuliwe kabla ya kutupwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme jambo kwa wenzangu tunaototolesha vifaranga nyumbani kwa mashine ndogo. Siku ya 21 ikipita na nusu ya mayai yako kimya, lawama huenda kwa aliyeuza mayai au kwa fundi wa mashine, na mayai yote huishia jalalani. Ushahidi nao unakwenda na taka. Yai ambalo halikuanguliwa lipasuliwe, kwa kuanzia upande butu wenye chumba cha hewa, litazamwe ndani, na kinachoonekana kiandikwe daftarini. Kazi hiyo ifanyike nje ya nyumba. Yai linalotoa harufu au linalovuja usilitikise, maana viza hulipuka, na harufu yake haitoki nguoni kwa fua moja.

Tuanze na yai lisilo na hata mshipa mmoja. Wengi husema jogoo hafanyi kazi, lakini kiinitete kilichokufa saa za mwanzo nacho huacha yai la namna hiyo. Ili ujue, vunja mayai mawili au matatu mabichi ya kundi hilohilo kwenye sahani. Juu ya kiini cha njano kuna doa jeupe. Likiwa na duara linaloonekana wazi, upana wa kama milimita 4, yai lina mbegu. Likiwa dogo, zito na lisilo na umbo maalumu, hapo kweli tazama jogoo: mmoja kwa mitetea 8 hadi 10 anatosha.

Pete ya damu ndani ya yai inamaanisha kifo cha wiki ya kwanza. Sababu yake mara nyingi ilitokea kabla yai halijaingia mashineni. Kiinitete huanza kukua polepole joto likizidi nyuzi 21 hivi, kwa hiyo yai lililolala stoo ya Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 limeanza safari bila nguvu ya kuimaliza. Mayai ya kutotolesha yawekwe ncha kali chini, mahali pa nyuzi 15 hadi 18, yasizidi siku 7. Kama huna mahali hapo, usikusanye zaidi ya siku nne. Friji ya kawaida si jibu, ni baridi mno. Na yaliyosafiri kwa basi yapumzike saa 12 hadi 24 kabla ya kuwekwa.

Vifo vya katikati, siku ya 8 hadi 17, ni vichache. Vikiwa vingi, uliza wazazi wanakula nini. Kuku wanaoshinda kwa pumba pekee hukosa vitamini B2, na kiinitete hufa manyoya yakiwa yamejisokota.

Hasara kubwa iko mwishoni: kifaranga kamili, amefia ndani ya ganda. Hapa maji ndiyo chanzo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na ushauri wa “jaza maji kila siku” kwenye trei ya mashine unaua vifaranga wengi pwani. Yai linatakiwa kupoteza asilimia 11 hadi 14 ya uzito wake hadi siku ya 18. Lisipopoteza, chumba cha hewa hubaki kidogo na kifaranga huzama kwenye majimaji kabla hajavuta pumzi ya kwanza. Utamkuta amevimba, amelowa. Likipoteza kupita kiasi, utando hukauka na kumbana kama bandeji, na mara nyingi utamkuta ametoboa ganda kisha akashindwa kujizungusha.

Sasa hesabu. Hewa ya pwani yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, ikipashwa moto hadi nyuzi 37.5 ndani ya mashine, hubaki na unyevu wa karibu asilimia 49. Mayai yanahitaji 45 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza. Maana yake, hewa ikiwa hivyo mtu wa Tanga hahitaji kuongeza maji kabisa mpaka siku ya 18! Hewa ya kiangazi ya Dodoma au Singida, tuseme nyuzi 22 na asilimia 50, ikipashwa hivyo hubaki na 20 hivi, na huko trei ya maji isikauke hata siku moja. Wauzaji wa mashine wanaotoa karatasi moja ya maelekezo kwa nchi nzima walitazame hili.

Kipimo cha unyevu nacho hudanganya. Jaza kizibo cha soda chumvi, idondoshee maji mpaka ilowe bila kuyeyuka yote, iweke pamoja na kipimo ndani ya kopo lenye mfuniko kwa saa 12. Kipimo kizima kitasoma 75. Kikisoma 68, basi ongeza 7 kila unapokisoma. Lakini mizani ya jikoni ni ya kuaminika zaidi. Weka alama mayai 10, yapime siku ya kwanza. Yakiwa na gramu 550, siku ya 9 yawe karibu na 515, siku ya 18 karibu na 480. Siku ya 9 yakiwa bado 535, toa maji.

Siku ya 18 acha kugeuza mayai, pandisha unyevu hadi 65 au 70, funga mlango, na usifungue mpaka vifaranga wakauke. Kila mlango unapofunguliwa kuchungulia, unyevu huanguka na utando hukauka kwa waliokwisha kutoboa.

Kosa la joto husomeka kwa siku vifaranga wanayotoka. Mashine yenye feni ikae nyuzi 37.5 hadi 37.8, isiyo na feni, nyuzi 38.5 hivi, ikipimwa usawa wa juu ya mayai. Wakitoka siku ya 19 au ya 20 wadogo, vitovu havijafunga, joto lilizidi. Wakichelewa hadi siku ya 22 au 23, wakubwa na walegevu, lilipungua. Kipimajoto cha homa cha duka la dawa hutosha kukagua kile cha mashine.

Umeme ukikatika wiki ya kwanza, usifungue mashine, ifunike blanketi. Baridi ya saa chache huchelewesha tu, ilhali nyuzi 40 kwa muda huohuo huua. Baada ya siku ya 18 usizibe matundu ya hewa hata kidogo: mayai yenyewe yanatoa joto na kula oksijeni nyingi, na blanketi lililookoa wiki ya kwanza litawakosesha hewa. Umeme ukirudi, endelea kama kawaida, na wape siku moja au mbili za ziada kabla ya kuzima mashine.

Fundi wa mashine za kutotolesha,
Morogoro