Salamu za Krismasi: Ndege Wawili wa Maria

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Krismasi! Mwokozi amezaliwa. Kwako uliyefika siku hii ukiwa mzima, mwenye kazi au unayeitafuta, mwenye deni au uliyemaliza kulipa juzi, nakutakia furaha ya kweli na amani nyumbani mwako.

Kila mwaka tunaimba habari za hori, malaika na wachungaji, kisha tunafunga kitabu. Luka haishii hapo. Anasimulia kwamba siku za utakaso zilipotimia, Maria na Yusufu walimpeleka mtoto Yerusalemu, wakaenda na sadaka ya ndege wawili. Sasa fungua Walawi 12. Mama aliyejifungua alitakiwa kuleta mwana-kondoo pamoja na ndege mmoja. Asiyemudu kondoo ndiye aliyeruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka hana haja ya kutuambia kwamba familia ile ilikuwa maskini. Sadaka yao imeshasema.

Mtoto yule alipokuwa mtu mzima aliingia hekaluni akapindua meza za wabadili fedha. Hilo tunalikumbuka sote. Marko anaongeza kitu ambacho wengi tunakipita haraka: alipindua pia viti vya waliokuwa wakiuza njiwa. Na mnunuzi wa njiwa pale alikuwa nani, kama si mama wa aina ya Maria, aliyejifungua, aliyetoka mbali, asiye na uwezo wa kondoo wala nafasi ya kwenda kutafuta bei nafuu kwingine?

Kuna kisa kingine cha njiwa hao hao, na naona kinastahili kusimuliwa Krismasi hii. Kimo katika Mishna, mafundisho ya marabi wa Kiyahudi yaliyokusanywa karibu mwaka 200. Jozi ya njiwa Yerusalemu ilipanda bei mpaka ikauzwa kwa dinari za dhahabu. Rabi Shimon ben Gamliel akaapa kwa Hekalu kwamba hatalala usiku ule kabla haijashuka ikauzwa kwa dinari za fedha. Hakwenda sokoni kuwafokea wauzaji. Aliingia barazani akafundisha kwamba mwanamke aliyelimbikiza sadaka tano za uzazi alete moja tu, na zilizobaki hadaiwi. Siku ile ile bei ikaanguka hadi robo dinari.

Kisa hiki kimenikaa moyoni kwa sababu rabi yule aliujua mzizi wa bei. Wauzaji walikuwa wanavuna hofu: mama anaamini Mungu anamdai, kwa hiyo atalipa chochote atakachotajiwa. Mwenye uwezo wa kuiondoa hofu hiyo alikuwa kiongozi wa dini, si mfanyabiashara wala askari. Akaiondoa. Leo tunao wanaofanya kinyume chake: wanamwambia mgonjwa apande mbegu ndipo apone, wanamwuzia mjane chupa ya maji ya upako, wanampa kiti cha mbele mwenye bahasha nene bila kuuliza fedha imetoka wapi. Inaniuma, na nalisema waziwazi kwa kuwa nalipenda Kanisa.

Wapo wanaosema askofu ahubiri Injili, mambo ya fedha awaachie wataalamu. Wasome Luka 3. Makutano, watoza ushuru na askari walimwendea Yohana Mbatizaji, kila kundi likauliza, tufanye nini? Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Msitoze zaidi ya mlichoamriwa. Msimdhulumu mtu, mtosheke na mshahara wenu. Majibu yote matatu yanagusa mali. Ndiyo maana nilimshukuru Mungu kwa marehemu Papa Fransisko, ambaye mwaka 2013 aliuliza inakuwaje mzee asiye na makazi afe kwa baridi na isiwe habari, ilhali soko la hisa likishuka pointi mbili ni habari. Na kwa Jubilei ya 2025, mwaka mtakatifu wa Kanisa Katoliki, aliyasihi mataifa tajiri yafute madeni ya nchi zisizoweza kuyalipa.

Lakini neno juu ya fedha lina gharama kwa anayelisema. Mwaka 2013 Justin Welby, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Kanisa la Anglikana la Uingereza, alimwambia mkuu wa Wonga, kampuni ya mikopo ya haraka ya Uingereza, kwamba Kanisa litaishinda kwa kusaidia vyama vya akiba na mikopo. Mara ikabainika kwamba mfuko wa Kanisa lake ulikuwa na fedha ndani ya Wonga, kupitia mwekezaji mwingine. Alikiri hadharani kwamba ameaibika, na mwaka uliofuata Kanisa likajiondoa. Aibu ile haikumnyamazisha, na kwangu hilo ndilo la maana zaidi. Januari 2015 mdhibiti wa huduma za fedha wa huko akaweka ukomo wa gharama za mikopo hiyo, asilimia 0.8 kwa siku, na mkopaji asilipe kamwe zaidi ya mara mbili ya alichokopa.

Ndugu zetu Waislamu wanao mfano ulio wazi kuliko huo. Katika Hotuba ya Kuaga, Mtume Muhammad alipotangaza kuifuta riba, ya kwanza kuifuta ilikuwa ya Abbas bin Abdul-Muttalib, baba yake mdogo. Alianza na wa kwao, mbele ya umati, kwa jina.

Basi wachungaji wetu, mapadre, maaskofu, masheikh, nawaombeni mwaka unaokuja mseme zaidi, na mkisema mtusomee pia hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na kimewekwa wapi. Nasi waumini tuulize kwa adabu, tusiitwe waasi kwa kuuliza. Na wewe uliyemkopesha mtu ambaye unajua kabisa hana, mpigie simu leo umtakie sikukuu njema, na deni usilitaje.

Krismasi njema kwenu nyote, na heri ya mwaka mpya.