Mtoto wa surua apimwe oksijeni, apewe na vitamini A

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wahudumu wa zahanati zetu. Mtoto mwenye surua akianza kuhema haraka na kifua kubonyea ndani, huenda ni nimonia, na oksijeni inaweza kushuka mwilini kabla midomo haijabadilika rangi. Kumtazama tu hakutoshi. Kipo kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, hakichomi wala hakitoi damu. Kikisoma chini ya asilimia 90, mtoto anahitaji oksijeni mara moja. Inakuwaje zahanati iwe na kipimo cha malaria lakini ikose hiki?

Halafu vitamini A. Surua huipunguza sana mwilini, na upungufu huo huleta upofu, hata kifo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kila mtoto mwenye surua apewe dozi mbili, leo na kesho yake: yuniti 200,000 kwa aliyetimiza mwaka, nusu yake kwa wa miezi 6 hadi 11. Hata kama alishapata matone ya vitamini A kwenye kampeni, apewe. Ila wazazi tusijinunulie wenyewe dukani. Ikizidi ni sumu.

Msomaji wenu,
Tanga