Msitukatie wimbo katikati

Mhariri,

Jumamosi usiku kituo kimoja cha televisheni kilionyesha A Hard Day's Night, filamu ya mwaka 1964 ya Beatles, bendi ya vijana wanne wa Uingereza. Nilimwita mjukuu wangu tuitazame pamoja. Katika filamu, vijana hao wamechoka kufungiwa ndani. Wanashuka mbio ngazi za chuma, wanatokea uwanjani, wanarukaruka kama watoto waliotoka shule. Wimbo wao Can't Buy Me Love unapigwa, kamera iko juu angani. Papo hapo, tangazo la sabuni! Picha iliporudi, wimbo umekwisha, mzee mmoja anawafokea kwamba uwanja ni wa mtu. Mjukuu akaniuliza, "Babu, wamekosa nini?" Jamani, matangazo wekeni baada ya wimbo. Tunawaomba sana.

Msomaji wenu,
Tanga