Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu: malori yaondoke uwanjani

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa klabu ya michezo ya mji huu, klabu yenye timu ya mpira wa miguu, timu ya netiboli, wakimbiaji, wacheza wavu na wazee wa bao wanaokaa chini ya mkaratusi upande wa magharibi wa uwanja. Barua nne nimezileta ofisini kwako kwa mkono wangu, na nakala zake ninazo, zote zimegongwa mhuri wa masjala. Hii ya tano naiandika hadharani kwa sababu Jumamosi iliyopita kijana wetu amevunjika mguu.

Ilikuwa dakika ya 23 ya mechi ya Ligi ya Mkoa, bado hatujafungana. Winga wetu wa kushoto, kijana wa miaka 19, alipokea mpira karibu na kibendera cha kona, akamgeuza beki, akachanganya miguu kuelekea golini. Hatua ya nne mguu wake uliingia kwenye mfereji uliochimbwa na tairi la lori. Mfereji huo niliupima Jumapili asubuhi kwa futi yangu ya kushonea: sentimita 31 kwenda chini. Tope la masika limekauka humo, limekuwa gumu kama zege. Sisi wa kwenye benchi tuliusikia mfupa ukilia. Mwamuzi alisimamisha mchezo, kamisaa akazunguka uwanja mzima, akayatazama malori sita yaliyoegeshwa nyuma ya goli la kusini, akafunga daftari lake. Mechi haikuendelea. Sasa tunasubiri barua ya chama cha soka, na kila anayezijua kanuni anatuambia tujiandae kupoteza pointi tatu na mabao matatu, maana mwenyeji ndiye mwenye wajibu wa kuandaa uwanja.

Gari la wagonjwa halikuwepo. Tulimfunga mguu kwa vipande viwili vya ubao na skafu yangu, tukampakia kwenye bajaji, na njia nzima nilikuwa nimeushika ule mguu mapajani mwangu huku akimwita mama yake. Bima hana. Fedha ya picha na ya kumfunga hogo niliitoa kwenye malipo ya awali ya sare za shule ambazo wazazi wamenipa nishone. Kitambaa sijanunua. Wazazi wameanza kuja kuuliza, na wana haki ya kuuliza.

Kijana huyu ni kuli. Usiku hupakia magunia ya lumbesa kwenye malori hayohayo ili asubuhi mama yake na wadogo zake wawili wapate chochote. Daktari amesema asikanyage chini kwa miezi mitatu. Juzi mama yake alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda, hakutukana, hakulia. Aliniuliza tu: "Katibu, wewe uliyaona yale mashimo?" Nilimjibu niliyaona. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, kwa sababu ni kweli niliyaona, na bado nilimpanga acheze.

Ndugu Mkurugenzi, malori yale yaliingia uwanjani kwa ahadi yako. Kikao cha wadau kilikuwa mwezi Novemba, kwenye ukumbi wa halmashauri, na mimi nilikaa mstari wa pili. Ulisema stendi ya malori inakarabatiwa, magari ya viazi na maparachichi yataegeshwa uwanjani kwa wiki sita tu, kisha halmashauri italeta greda, itasawazisha na kupanda nyasi. Maneno hayo niliyaandika kwenye daftari la klabu palepale. Tuliokuwepo tulikubali bila ubishi. Wakulima wa viazi ni wazazi wetu, na viazi vikikosa gari vinaozea shambani. Hilo hakuna wa kutufundisha.

Wiki sita ziliisha. Mwezi Januari niliambiwa mkandarasi amechelewa. Mwezi Machi mvua ikiwa imeshika, malori yakawa yanakwama katikati ya uwanja na kuvutana kwa minyororo, nikaambiwa greda ni bovu. Mwezi Mei niliambiwa uko safarini Dodoma. Stendi imekwisha kukarabatiwa, naipita kila siku nikienda dukani, na nafasi ya malori ipo. Malori bado yamelala kwetu.

Nadhani naijua sababu. Kila jioni kijana wa mashine ya ushuru hupita lori kwa lori, na halmashauri hupimwa kwa makusanyo ya mapato ya ndani. Uwanja wa mpira haukuletei risiti hata moja. Wapo pia wanaosema mtaani kwamba kiwanja kimekwisha kugawiwa mtu wa kujenga ghala la maparachichi. Sina ushahidi wa hilo na sipendi kumzushia mtu. Lakini barua nne zisizojibiwa zimewafanya watu waamini, na mimi mwenyewe siku nyingine naamini. Kama matumizi ya kiwanja kile yamebadilishwa, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ina utaratibu wake, na wananchi tulistahili kuambiwa mapema. Kama hayajabadilishwa, basi kile ni kiwanja cha michezo.

Nimesikia kwamba kuna mtu ofisini kwako aliyesema "timu yenyewe ya mchangani." Hilo limeniuma kuliko mengine yote. Sisi tuko Nyanda za Juu Kusini, hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Tukuyu Stars, waliojulikana kwa jina la Banyambala, walitoka mji mdogo wa Rungwe, mji wa mvua na migomba. Walipanda Ligi Daraja la Kwanza, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa ligi ya juu kabisa, na mwaka 1986, katika msimu wao wa kwanza, wakatwaa ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Mtibwa Sugar ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Turiani ikachukua ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Ruangwa ni mji wa wilaya kama huu wetu. Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Sumbawanga, ikafungwa na Simba 2-1, kisha ikaenda kucheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ruangwa wana uwanja, unaitwa Majaliwa, na hakuna lori linalolala ndani yake. Vijana wangu nikiwasimulia habari hizi huniuliza swali moja tu: walikuwa wanafanyia wapi mazoezi?

Na watu wakisema uwanja, wanafikiria mpira wa miguu peke yake. Kiwanja cha netiboli kilikuwa pembeni ya goli la kusini, palepale malori yalipo. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, kitu kidogo sana, malori manne yamekimeza chote. Milingoti yetu miwili iling'olewa usiku wa kwanza. Mmoja nimeuona umegeuzwa nguzo ya kibanda cha chipsi. Mimi nimekulia kwenye kiwanja kile. Nilikuwa mfungaji, nilivaa GS kifuani miaka kumi na moja, na ndipo mume wangu aliponiona. Msimu uliopita tulikuwa na wasichana 22. Sasa wamebaki tisa, wanafanya mazoezi kwenye uwanja wa shule ya msingi wenye mteremko, mpira ukitoka unakwenda hadi mtoni. Hao kumi na tatu walioacha nawajua kwa majina na makwao. Wawili wana ujauzito. Sisemi malori ndiyo sababu, nasema saa kumi jioni walikuwa na mahali pa kwenda na sasa hawana.

Kuna mtoto wa kiume wa darasa la sita ambaye tangu Septemba 2025, Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03, huzunguka uwanja kila alfajiri peku. Alikata picha ya Simbu gazetini akaibandika kwenye daftari lake la hesabu. Sasa huzunguka barabarani, pamoja na malori hayohayo yakitoka na taa moja. Nimemkataza. Hasikii.

Nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, imepewa uenyeji wa AFCON 2027. Nafurahi kama Mtanzania yeyote. Lakini wachezaji wa kuivaa ile jezi ya taifa hawazaliwi kwenye viwanja vikubwa vya Dar es Salaam na Arusha. Wanaanzia huku.

Nilikuwa na vyereheni viwili. Kimoja nilikiuza mwanzoni mwa msimu tulipe ada ya ushiriki na leseni za wachezaji, baada ya maombi yetu ya mchango kukaa ofisini kwako bila jibu. Jezi nimeshona mwenyewe, namba nimekata kwa mkasi. Mipira sita, koni na nyavu vinalala chumbani kwangu chini ya kitanda. Vijana kumi wa timu walisajili kikundi ili wapate mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, fungu la vijana la asilimia 4, wanunue mashine ya kufyatulia matofali. Fomu zao nazo ziko kwako. Mume wangu ameniuliza kwa upole, maana ni mtu mpole, kama nina ndoa na yeye au na klabu. Sikuwa na jibu zuri. Chokaa ya mistari ya Jumamosi niliinunua kwa fedha ya mboga.

Nilikusudia kuomba mengi katika barua hii. Greda lililoahidiwa. Nyasi zilizoahidiwa. Milingoti ya netiboli. Gari la wagonjwa siku za mechi. Halmashauri ilipe matibabu ya kijana, na mama yake apewe chochote cha kuwalisha watoto kwa miezi hii mitatu. Afisa Michezo afike uwanjani kwa miguu yake aone. Barua zetu zijibiwe. Yote hayo bado nayataka.

Lakini nimeiandika barua hii mara tatu, na kila nikifika hapa naona kwamba greda na nyasi vitanisubirisha mwaka mwingine, na mimi sina mwaka mwingine. Mashimo tutayafukia wenyewe. Wazee wa bao wamesema watakuja na majembe, wasichana wa netiboli watabeba mchanga kutoka mtoni kwa ndoo, na mwenye trekta mmoja wa hapa mjini ameahidi kutuburutia gogo lisawazishe. Hatuhitaji hata shilingi yako kwa kazi hiyo. Hatuwezi kufukia shimo ambalo lori limelala juu yake.

Kwa hiyo naomba moja, Ndugu Mkurugenzi. Ondoa malori uwanjani. Ni amri ya mstari mmoja, unaweza kuiandika leo kabla hujaondoka ofisini, na stendi iko wazi mita mia nane kutoka pale. Mechi yetu ya nyumbani inayofuata ni baada ya siku kumi na mbili. Siku nne zinatutosha kufukia, kama ardhi iko wazi.

Ondoa malori. Kesho nitakuja masjala na nakala ya barua hii saa mbili asubuhi, nitakaa kwenye benchi la nje mpaka nipate jibu. Cherehani kilichobaki nitakuja nacho, nishone sare za watoto wa watu hapohapo, kwa kuwa nazo zina siku zake.

Nawasilisha.

Katibu wa klabu