Maandalizi ya kurusha ndege ndogo za rimoti Jumamosi

Habari zenu wanakikundi. Jumamosi tukutane uwanjani saa 1 asubuhi, kabla upepo haujachachamaa.

Wenye ndege mpya, tafadhali msisubiri kufika uwanjani ndipo mtafute mizani yake, yaani kuhakikisha hailemei mbele wala nyuma. Fungeni betri mahali pake mkiwa nyumbani, kisha inueni ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kiasi cha robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, au zaidi kidogo. Bawa lenye upana wa sentimita 16 kutoka mbele hadi nyuma, pima sentimita 4 hadi 5. Ndege ikae sawa, au pua iiname kidogo tu. Mkia ukilemea, sogeza betri mbele. Hapa sitaki mzaha: yenye pua nzito huruka kivivu, lakini yenye mkia mzito hupanda ghafla, hupoteza mwendo na kuanguka kabla hujajua uvute wapi.

Rimoti iwashwe kwanza, betri ya ndege ifuate. Wakati wa kuzima, betri itangulie kutoka. Ukijaribu mota ndani ya nyumba, vua propela, hasa penye watoto. Simama nyuma ya ndege, sukuma kijiti cha rimoti cha kulaza ndege kulia: kibawa cha kulia (kile kipande kinachocheza kwenye ukingo wa nyuma wa bawa) kinyanyuke, cha kushoto kishuke. Kikienda kinyume, geuza mwelekeo wake kwenye rimoti.

Betri za lipo (lithiamu-polima) zijazwe hadi volti 4.2 kwa seli, si zaidi. Iliyovimba isije kabisa.

Tutarusha kuelekea upepo, mmoja mmoja. Mwenye chaja ya ziada aseme hapa leo.