Yani kufuata vidole kwa macho ndo kunatibu trauma?

Hili ndo swali ambalo sisi tunaotoa tiba ya EMDR tunaulizwa kuliko yote, mtu anatuangalia anasema yani nikae kwenye kiti nifuate mkono wako kwa macho alafu nipone? Tunaelewa kabisa, ukielezewa haraka haraka inasikika kama mazingaombwe, kwahiyo leo tuielezee taratibu.

Chukulia mtu aliyepata ajali mbaya ya gari. Miaka imepita, mfupa umeunga, anafanya kazi vizuri tu, lakini akisikia breki zinalia moyo unaenda mbio, jasho linamtoka mikononi na ile picha inarudi vilevile kana kwamba inatokea sasa hivi. Kumwambia "sahau, yameshapita" hakumsaidii kitu, anajua yamepita, shida ni kwamba mwili wake haujapata hiyo taarifa. Hilo jeraha la ndani linalobaki ndo tunaliita trauma.

Tiba yenyewe, EMDR, ni kifupi cha Kiingereza cha Eye Movement Desensitization and Reprocessing, yani kupunguza makali ya kumbukumbu inayouma kwa kusogeza macho. Ilianza na mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, ambaye mwaka 1987 akiwa anatembea aligundua mawazo yaliyokuwa yanamsumbua yanapungua makali macho yake yakienda huku na huku, akaifanyia kazi na 1989 akachapisha utafiti wake wa kwanza. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye miongozo yake ya kutibu watu wenye msongo unaobaki baada ya trauma, kwahiyo sio kitu tulichojitungia sisi.

Ina hatua 8 na mwanzoni macho hayahusiki kabisa. Tunakusikiliza historia yako, tunakufundisha namna ya kujituliza, tunakubaliana alama ya kusimamisha, mfano unainua mkono tu na tunaacha hapohapo bila maswali. Ukiwa tayari unachagua tukio moja, unaitafuta ile picha inayouma zaidi, unatuambia inakufanya ujione vipi (wengi wanasema "ni kosa langu" hata kama hawakuwa na kosa lolote, na hapo ndo panatuumiza sana), inakukaba sehemu gani ya mwili, na inakusumbua kiasi gani kuanzia 0 mpaka 10.

Alafu ndo mkono unaanza kwenda kushoto kulia, kama nusu dakika hivi, macho yako yanaufuata huku picha umeishikilia kichwani. Tunasimama. Vuta pumzi. Nini kimekuja? Unajibu kwa ufupi, "naona kioo kimepasuka" au "kifua kinabana" au hata "hamna kitu", tunasema haya twende na hicho, na mkono unaanza tena. Tunarudia hivyo mpaka ile namba ishuke, ikiwezekana ifike 0.

Maelezo yenye ushahidi mzuri ni kwamba akili haiwezi kubeba vitu viwili vizito kwa wakati mmoja, ukishikilia picha huku unafuata mkono ile picha inafifia, na inaporudi kuhifadhiwa inarudi bila ukali ule. Watafiti bado wanabishana macho yenyewe yanachangia kiasi gani, na kuna ambao badala ya macho wanatumia kugonga mikono kwa zamu au milio inayosikika sikio moja baada ya jingine.

Kitu ambacho tungependa kila mtu ajue ni kwamba HULAZIMIKI kutusimulia kila kitu. Watu wengi wanaahirisha miaka na miaka kwa sababu hawataki kutamka kilichowapata mbele ya mtu baki, hasa waliobakwa, na hapa inatosha wewe mwenyewe ukijua unachofikiria. Wala hatukulazi usingizi, uko macho muda wote, na kumbukumbu haifutiki, utaikumbuka ajali yako ila lengo ni isikutetemeshe tena.

Sesheni moja ni dakika 60 mpaka 90. Tukio moja la ukubwani mara nyingi linamalizika kwa sesheni chache, ila mtu aliyeteswa utotoni kwa miaka anahitaji muda mrefu zaidi, na anayekuahidi utapona siku moja usimpe hela yako. Zile video za kinukta kinachotembea kwenye skrini pia tafadhali usizitumie peke yako nyumbani, picha ikikufungukia vibaya saa sita usiku hakuna wa kukushika.

Ukija tuambie mapema kama una kifafa, tatizo la macho, au unapotewa na muda bila kujua ulikuwa wapi, maana hapo maandalizi yanabadilika. Baada ya sesheni unaweza kuchoka sana au kuota ndoto nzito siku mbili tatu, ziandike uje nazo, na siku hiyo usipange kazi ngumu.